Kigali Ilivyopata Mashindano ya Dunia ya Baiskeli

Kuanzia tarehe 21 hadi 28 Septemba 2025, waendesha baiskeli bora duniani walishindana Kigali. Mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalianza mwaka 1921 kule Copenhagen, na muda wote huo hayakuwahi kufanyika katika ardhi ya Afrika. Huku Ulaya nimewasikia wengi wakiuliza nchi ndogo kama Rwanda imepataje heshima hiyo, kana kwamba imeokotwa njiani. Wanaouliza hivyo wanastahili jibu kamili, na sisi tunaotoka ukanda ule tunapaswa kulijua.

Uenyeji hutolewaje?

Mwenye kauli ni UCI, shirikisho la baiskeli duniani, lenye makao yake Aigle, Uswisi. Nchi inayoomba lazima ioneshe kwamba serikali iko nyuma yake, barabara ni nzuri na zinaweza kufungwa kwa siku kadhaa, na kwamba hoteli, hospitali na uwanja wa ndege vitawamudu wageni.

David Lappartient alichaguliwa kuwa rais wa UCI mwaka 2017, na shirikisho likaweka lengo kwamba mashindano ya 2025 yafanyike Afrika. Miji miwili ikabaki kuwania: Tangier ya Morocco na Kigali. Tangier ipo jirani kabisa na Hispania, ng'ambo tu ya mlango wa bahari wa Gibraltar, kwa hiyo timu za Ulaya zingefika kwa urahisi. Hata hivyo, Septemba 2021, mashindano ya mwaka huo yakiendelea Ubelgiji, Kigali ndiyo iliyotangazwa.

Mbio zilizoibeba Rwanda

Rwanda ilikuwa na Tour du Rwanda. Mbio hizi za kuzunguka nchi zilianza mwaka 1988, na mwaka 2009 zikaingia katika kalenda ya UCI. Miaka miwili kabla ya hapo, Mmarekani Jonathan Boyer, aliyewahi kushiriki Tour de France, alikuwa ameanza kuinoa timu ya Rwanda. Mmoja wa vijana wake, Adrien Niyonshuti, alifika Olimpiki ya London 2012.

Mwaka 2014 Valens Ndayisenga akawa Mnyarwanda wa kwanza kutwaa ubingwa tangu mbio hizo ziwe za kimataifa. Jean Bosco Nsengimana akafuata 2015, Ndayisenga akarudia 2016, kisha Joseph Areruya 2017 na Samuel Mugisha 2018. Mwaka 2019 mbio zilipandishwa daraja na kuanza kuvutia timu kubwa. Astana ilikuja, na ubingwa ukaenda kwa mpanda baiskeli wake Merhawi Kudus wa Eritrea. Hata Mei 2021, korona ikiwa bado inasumbua, mbio zilifanyika, miezi michache tu kabla ya UCI kuamua.

Hapo ndipo siri ilipo. Kigali ilipopeleka ombi, waamuzi walikwisha kuziona barabara zake, polisi wake, na umati unaojipanga kwenye kila kilima.

Kivuli cha Goma

Anayeandika habari hii kwa Kiswahili, lugha ya Goma na Bukavu pia, hawezi kuruka vita vya mashariki mwa Kongo. Januari 2025 waasi wa M23 waliiteka Goma. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanasema Rwanda inawasaidia waasi hao, Rwanda inakanusha. Mwezi uliofuata Bunge la Ulaya liliitaka UCI iiondolee Kigali mashindano iwapo Rwanda haitabadilisha msimamo wake. UCI haikutetereka. Mkongomani aliyeshindwa kushangilia alikuwa na sababu, na fahari yetu isimnyamazishe.

Somo kwa majirani

Njia ya mashindano ya Kigali ilikuwa ngumu kweli. Wanaume walipanda na kushuka kwa kilomita 267.5, wakakusanya mwinuko wa takriban mita 5,475. Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda, na waliomaliza walikuwa 30 tu.

Nchi nyingine za Afrika Mashariki zina milima na zina vipaji. Chris Froome, bingwa wa Tour de France mara nne, alizaliwa Nairobi na kufundwa na David Kinjah, lakini ushindi huo wote aliupata akiwa chini ya bendera ya Uingereza. Kenya ilikuwa na mwalimu na mwanafunzi. Haikuwa na mbio kubwa za nyumbani za kumpa sababu ya kubaki. Shirikisho linalotamani kufuata nyayo za Kigali lianzishe mbio za hatua za kila mwaka, lizilinde hata wadhamini wakipungua, na liwape vijana baiskeli na makocha. Rwanda ilifanya hivyo kwa miaka mingi kabla ya kuomba chochote Aigle.