India: Ramayana ya Mewar, kitabu cha michoro kilichogawanyika kati ya London na Mumbai

Mwaka 1649, katika ufalme wa Mewar, magharibi mwa inchi ya India, wachoraji wa mfalme Jagat Singh walianza kazi kubwa: kuchora Ramayana nzima, hadithi ya Rama ambaye mke wake Sita alitekwa na Ravana, mfalme wa Lanka. Kazi iliisha mwaka 1653, mfalme akiwa amekwisha kufariki. Michoro ilipita 400.

Mfalme alikuwa wa dini ya Kihindu. Sahibdin, mmoja wa wachoraji wakuu, alikuwa Mwislamu. Aliyeandika maneno kwa mkono alikuwa wa dini ya Wajaini. Wote walikutana kwenye kitabu kimoja.

Michoro ya Warajputi ni midogo. Mtu huishika mkononi na kuitazama kwa karibu. Karatasi kadhaa hugandishwa pamoja, kisha husuguliwa kwa jiwe mpaka ziwe laini. Rangi hutoka katika mawe, mimea na masizi, na huchanganywa na ulimbo wa miti. Burashi nyembamba kabisa ni za nywele za kindi.

Kila ufalme ulikuwa na mtindo wake. Mewar ilipenda rangi nyekundu na ya manjano zenye nguvu, na mtu mmoja huonekana mara nyingi kwenye ukurasa uleule, kadiri hadithi inavyoendelea. Kota ilijulikana kwa picha za wafalme wakiwinda simba na chui milia porini. Huko Kishangarh, katika karne ya 18, Nihal Chand alichora nyuso ndefu zenye macho yaliyopindika kama upinde. Picha ya mwanamke anayeitwa Bani Thani iliwekwa kwenye stempu ya India mwaka 1973.

Kaskazini, chini ya milima ya Himalaya, wachoraji wa Basohli walibandika vipande vya mabawa ya mende wa kijani ili ving'ae kama vito. Baadaye Guler na Kangra wakaleta mistari laini, miti yenye maua na vilima vya kwao.

Lakini Ramayana ya Mewar haikubaki nyumbani. Mwanzoni mwa karne ya 19, mfalme Bhim Singh alimpa James Tod, mjumbe wa Waingereza, sehemu kubwa ya kitabu hicho. Ikasafiri hadi London, na leo iko katika maktaba ya taifa ya Uingereza. Kurasa zingine zilibaki India.

Mwaka 2014, maktaba hiyo na makumbusho ya Mumbai viliunganisha picha za kurasa hizo kwenye intaneti. Hapo mtu wa Udaipur mwenye simu aliweza kufuata safari ya Rama na Sita. Karatasi zenyewe, zile alizozishika Sahibdin, bado zimetenganishwa na bahari.