Saa ya tarakilishi inapopotoka

Umeme ukipotea Kimulot, kule kwenye mashamba ya chai ya Konoin, tarakilishi kuukuu ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa huweza kuamka ikidai ni mwaka wa 2010. Tovuti salama hukataa kufunguka, na kilo za majanichai zinazonakiliwa humo hubeba tarehe ya uongo.

Kwa watumiaji wa Ubuntu, tiba ni programu ya chrony, inayosoma saa sahihi kupitia mtandao. Ajabu ni kwamba saa ikiwa nyuma, hata kuipakua huenda kukashindikana! Rekebisha kwanza kwa mkono: sudo date -s, ukifuatisha tarehe na saa katika alama za kunukuu. Kisha andika:

sudo apt update
sudo apt install chrony

Amri ya chronyc tracking itaonyesha tofauti iliyosalia. Betri nayo, aghalabu CR2032, ibadilishwe.