Mkono wa Mpira Ndani ya Soksi Nyeusi

Afisa wa forodha aliyelifungua sanduku la bibi mmoja, siku aliyowasili Mombasa kwa likizo akitokea Ujerumani, alikuta chini ya nguo za mtoto na chokoleti za jamaa mkono wa mtu, umevikwa soksi ndefu nyeusi ya kike kutoka vidoleni hadi juu ya kiwiko. Na alipoivua ile soksi akaona ngozi yenyewe ni ya rangi ya Kizungu, hofu yake, badala ya kupungua, ilizidi. Alielezwa kwamba ni mpira mtupu, ulioundwa kwa ajili ya wanafunzi wa uuguzi kujifunzia kutia sindano; akauminya, akacheka, akaurudisha mahali pake. Mimi sikuwapo. Nilisimuliwa kisa hiki barazani na kijana aliyekuwa nyuma yake katika foleni, na wote waliosikia walicheka hadi wakafuta machozi. Ila nilipofika nyumbani swali moja lilikataa kuniondokea, nalo ni hili: mtu anayekuja kwao kupumzika, kula wali wa nazi na kuzuru makaburi ya wazee wake, abebe mkono wa nini?

Nilimtafuta, na kwa kuwa Mji wa Kale haujui kuficha mgeni, sikuchelewa kumpata nyumbani kwa mama yake. Sharti lake lilikuwa moja, kwamba jina lake lisitajwe, maadamu mumewe ni askari wa jeshi la Marekani, na wake wa askari hujifunza mapema kuyapima maneno. Nilipouulizia mkono, alimtuma mwanawe aulete.

"Ulipoletwa na posta ulikuwa umechorwa mishipa ya buluu juu juu," alisema, "yaani ni kuona na kudunga. Nikajiambia, huu utaniharibu. Mimi sikufunzwa hivyo, ndugu yangu. Nilifunzwa hapa, Hospitali Kuu ya Pwani, na wagonjwa wetu ngozi zao ni kama yangu na yako. Mshipa huuoni, wauhisi. Basi nikauvika soksi, nisiuone."

Aliulaza juu ya meza ya chakula, akatundika mfuko wa maji kwenye mpini wa kabati, na maji yenyewe yalikuwa mekundu kwa rangi ile ile itiwayo mabuyu, ambayo mama yake humpelekea Ujerumani katika vifurushi pamoja na hiliki na kahawa. Alifunga ukanda wa mpira juu ya kiwiko, kisha akafumba macho. Kidole cha shahada cha mkono wake wa kushoto kilianza kutembea juu ya soksi, kikisimama, kikibonyeza, kikirudi nyuma kidogo, kikibonyeza tena, naye akinieleza kwa sauti ya chini, ilhali mama yake akipitapita na sahani pasipo kustaajabu hata kidogo. "Kinachobonyea kikarudi, huo ndio mshipa. Kinachodunda ni ateri, iache, si yako. Na kile kigumu, kisichobonyea wala kudunda, hiyo ni kano, na mwanafunzi akiidunga kano mara moja, mgonjwa hamsahau maisha." Mkono ule haukuwa na ateri wala kano, lakini kidole chake kilikuwa kikizitafuta vilevile, na kikizikosa, na kuendelea.

Akafumbua macho, akachukua branula. Kidole gumba kiliivuta ngozi ya mpira ikakaza. Sindano ikaingia mdomo wake ukielekea juu, kwa mshazari wa chini mno hata nikadhani itateleza, mpaka tone jekundu likaonekana ndani ya kichumba kidogo cha nyuma. Hapo, alisema, ndipo wengi wanapofurahi mapema wakaharibu. Aliilaza branula zaidi, akasukuma ule mrija laini wa plastiki peke yake uingie mshipani, sindano ikibaki imetulia. Akafungua ukanda kwanza, ndipo akachomoa sindano. Nilimwuliza kwa nini ukanda kwanza. Alinijibu kwa vitendo: alirudia yote na kuusahau ukanda kwa makusudi, na kitambaa cha meza cha mama yake kikalowa rangi ya mabuyu hadi pembeni. Mama hapo alisema neno, ambalo sitaliandika.

"Na ukikosa mara mbili," aliongeza, akifuta, "unamwita mwenzako. Hujaribu mara ya tatu. Huo ni mwili wa mtu, si daftari lako."

Nimekaa na habari hii ya mshipa kwa kirefu kwa sababu mengine yote yanaizunguka. Bibi huyu alikuwa mwanafunzi wa stashahada ya uuguzi katika chuo cha tiba cha KMTC, amebakisha mwaka mmoja, alipoolewa na kijana wa Voi aliyekwenda Marekani kusoma na akaingia jeshini kwa ule mpango ulioitwa MAVNI, uliowaandikisha wageni wenye lugha zilizohitajiwa, Kiswahili kikiwa miongoni mwao. Vyuo vya Marekani havikuihesabu stashahada ambayo haikukamilika. Kisha jeshi likampeleka mumewe Ujerumani, katika jimbo la Rhineland-Palatinate, upande wa Kaiserslautern, ambako Wamarekani wapatao 50,000, askari na ahali zao, wanaishi katika jumuiya yao ya kijeshi iliyo kubwa kuliko zote nje ya nchi yao. Na juu ya kilima, katika mji jirani wa Landstuhl, imesimama tangu mwaka 1953 hospitali ya kijeshi ambayo ndiyo hospitali kubwa ya Kimarekani nje ya Marekani. Dirisha la jikoni kwake linatazama upande ule. Usiku huona taa zake.

Mtu angedhani basi kwamba mas'ala yamekwisha: mwanafunzi yupo, hospitali ipo, na chuo siku hizi hufika kwa intaneti hata jangwani. Mambo si sahali hivyo. Uuguzi wa Marekani hauna leseni moja ya taifa. Kila jimbo lina baraza lake, na baraza hilo ndilo linaloidhinisha chuo, nacho chuo sharti kimpeleke kila mwanafunzi akahudumie wagonjwa halisi katika hospitali iliyofunga nacho mkataba, chini ya jicho la mwalimu, ndipo mwanafunzi aruhusiwe kuukabili mtihani uitwao NCLEX, wa saa 5 na maswali yasiyopungua 85 wala kuzidi 150. Utafiti wa muungano wa mabaraza hayo, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba hadi nusu ya saa za wodini zaweza kufanywa kwa midoli ya ukubwa wa mtu bila ya mwanafunzi kupungukiwa. Lakini midoli hiyo sharti iwe ndani ya maabara ya chuo, na nusu iliyobaki sharti iwe ya watu. Chuo alichokiandikia kilimjibu kwa adabu kwamba nadharia yote wangeweza kumfundisha popote alipo, ila wodi hawakuwa nayo ya kumpa nje ya majimbo yao, na kwa hiyo hawakuweza kumwandikisha.

Nilitarajia alalamike. Hakulalamika, na hapa nakiri kwamba niliipenda akili yake. "Wana haki," alisema. "Ningekuwa mimi nimelala kitandani, nisingependa nidungwe na mtu aliyejifunza jikoni. Ninachouliza ni kingine. Jeshi linajua kumfundisha askari udaktari wa vitani hata akiwa wapi, linamfuata na mwalimu na vyombo. Sisi tunaomfuata askari, nani anatufuata?"

Yapo yaliyotengenezwa kwa ajili yao, tusidhulumu. Ipo fedha ya masomo ya wake na waume wa askari wa vyeo vya chini, MyCAA, isiyozidi dola 4,000, ambayo hulipia leseni, vyeti na stashahada, lakini si shahada ya kwanza, nayo shahada ndiyo anayoitaka. Upo ule mfuko mkubwa zaidi wa GI Bill, ambao askari aliyetumikia miaka 6 aweza kumhamishia mkewe, kwa sharti kwamba aahidi miaka 4 mingine jeshini. Maana yake ni kwamba ili mke ashike kalamu, mume sharti aendelee kushika bunduki. Nilimwuliza kama wamelizungumza hilo. Aliutazama mkono wa mpira, akasema wamelizungumza, na hakuniambia walivyokubaliana.

Wakati huo huo hakukaa bure. Katika madarasa ya Chuo Kikuu cha Maryland, kinachofundisha kwenye kambi za Ulaya tangu mwaka 1949, alisoma yale masomo ya msingi yanayotangulia uuguzi: anatomia, fiziolojia, mikrobiolojia, kemia, takwimu. Aliyafaulu vizuri. Kisha akagundua jambo ambalo, katika yote aliyonisimulia, ndilo lililomkasirisha kweli: vyuo vingi vya uuguzi havipokei masomo ya sayansi yaliyosomwa zamani kuliko miaka 5 au 7. "Nikahesabu," alisema. "Mimi ninangoja uhamisho, na anatomia yangu inaoza frijini." Mwili wa binadamu, kwa kadiri nijuavyo mimi nisiyekuwa mganga, haujaongezewa kiungo tangu alipomaliza darasa hilo.

Msomaji atauliza, kama nilivyouliza, kwa nini asisomee kwa Wajerumani wenyewe. Mwezi Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini jijini Berlin mapatano ya wafanyakazi, mbele ya Rais Ruto na Kansela Scholz, na tangu hapo hakuna mtaa wa Mombasa usiokuwa na kijana anayekariri sarufi ya Kijerumani ili akasomee uuguzi huko, ambako mafunzo ni miaka 3 na mwanafunzi hulipwa mshahara akiwa anasoma. Binti wa shangazi yake ni mmoja wao. Bibi huyu yuko Ujerumani tayari, na mlango huo huo haumwingizi, kwa hesabu fupi tu: askari anayepelekwa huko pamoja na ahali yake hukaa miezi 36, na miaka 3 ya mafunzo, ukiitanguliza na mwaka wa kujifunza lugha ya kuzungumzia na mgonjwa, haienei ndani ya miezi hiyo. Binti wa shangazi atamkuta pale, atavaa sare, na pengine atamaliza. Yeye atakuwa keshahamishwa.

Kwa hiyo hukipanda kile kilima cha hospitali ya Landstuhl kwa njia iliyobaki, ambayo ni ya kujitolea chini ya Msalaba Mwekundu. Husukuma viti vya magurudumu, hupeleka mablanketi, huwaonyesha wageni njia ya maabara, na sindano haigusi. Saa anazotoa huandikwa, lakini hazihesabiwi na baraza lolote la uuguzi. Ni katika kazi hiyo alipoambiwa na mtumishi mmoja mzee wa Kijerumani, aliyemwuliza kwao wapi, kwamba baada ya ubalozi wa Marekani kulipuliwa jijini Nairobi tarehe 7 Agosti 1998, baadhi ya majeruhi walirushwa kwa ndege hadi pale kilimani, na Wakenya walikuwamo. Wengi wetu tulisahau, au hatukupata kujua. Yeye alikuwa mtoto mdogo wakati huo. Lakini fikira yake haikwenda kwenye siasa wala kwenye bomu. Ilikwenda moja kwa moja kwenye kidole.

"Nilikwenda nyumbani nikiwaza," aliniambia. "Wale wamepoteza damu. Mtu akipoteza damu mishipa hujificha, hata ya Mzungu huioni. Na hawa ni weusi. Nani aliyewatia dripu? Alifunzwa kuona, au alifunzwa kuhisi?"

Sikuwa na la kumjibu. Nilimwuliza badala yake kwa nini, kwa likizo hii fupi, hakuuacha mkono Ujerumani. Alisema kwamba kidole husahau upesi kuliko kichwa. Kwamba siku ambayo baraza la jimbo fulani litampa wodi hataki kuanza upya mbele ya wasichana wa miaka 19. Na kwamba, fauka ya hayo, aliahidi kumwonyesha binti wa shangazi, ambaye video za simu zimemfundisha kutafuta mstari wa buluu.

Uhamisho wao umekaribia, na hawajui ni wa wapi. Yaweza kuwa Texas, yaweza kuwa Korea, ambako hadithi itaanza tena kutoka mwanzo. Hata hivyo aliomba nafasi katika chuo kimoja cha Texas, akapokelewa kwa muhula wa Agosti, na chuo kikamtaka aweke amana isiyorudishwa kabla ya mwisho wa mwezi. Ilhali amri ya jeshi, kwa kawaida yake, hufika inapotaka. Nilimwuliza amekusudia nini.

"Nimelipa," akasema, akiuvika mkono soksi yake. "Na mume wangu, ikiwa hasomi gazeti lenu, bado hajui."