Mkababu, Mti Usiofuata Majira

Mkababu (Faidherbia albida) na kikwata (Senegalia mellifera) ni jamaa; zamani wataalamu waliiweka yote katika jenasi ya Acacia. Lakini tazama majira yake. Kikwata hupukutisha majani wakati wa ukame, na mara nyingi huchanua maua meupe kabla ya majani mapya kutoka. Mkababu hufanya kinyume: huwa mtupu wakati wa mvua, huchipua mvua zikatikapo, na kutoa maua kiangazi. Mizizi yake huzama hata kuyafikia maji ya chini ya ardhi. Kwa hiyo mahindi yaliyo chini yake hayakosi jua, na majani yaliyopukutika huyapatia naitrojeni. Mkulima asiyeujua aweza kuukata masika, akidhani umekauka.