Kutoa Tasnifu Rafuni: Jinsi ya Kuandaa Makala ya Jarida

Kila mwaka tasnifu za mafrateri hujalidiwa, hupangwa kwenye rafu za maktaba, na nyingi haziguswi tena. Ni hasara, kwa maana ndani yake mna mambo yaliyokusanywa vigangoni ambayo hayamo katika kitabu chochote. Yapo majarida yanayoyahitaji, kama African Ecclesial Review (AFER), lililoanza mwaka 1959. Lakini tasnifu haiendi huko kama ilivyo.

Kazi ya kwanza ni kukata. Tasnifu huandikwa ili mwalimu aone kwamba mwanafunzi amesoma. Makala huandikwa ili msomaji apate jambo asilolijua. Tuchukue tasnifu kuhusu Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Karibu kila moja huanza na maaskofu wa AMECEA na uamuzi wao wa mwaka 1976, kisha Ecclesia in Africa ya mwaka 1995 na Kanisa kama Familia ya Mungu. Mhariri wa jarida la kichungaji anayajua hayo siku nyingi. Aya moja inatosha. Anachotafuta ni kile ulichokiona wewe: kwa mfano, kwa nini wanaume wa kigango fulani hawafiki jumuiyani. Ukigundua kwamba makala yako inajibu maswali matatu, basi una makala tatu.

Chagua jarida kabla ya kuandika upya, si baada yake. Soma matoleo yake mawili matatu na maelekezo yake kwa waandishi: idadi ya maneno, urefu wa ikisiri, mtindo wa marejeleo. Hati za Kanisa zinukuu kwa namba ya aya, mathalani Lumen Gentium, na. 11, kwa sababu kurasa hubadilika kutoka tafsiri moja hadi nyingine.

Majarida mengi hutuma mswada kwa wahakiki wasiomjua mwandishi, naye asiwajue wao. Kwa hiyo ondoa jina lako, shukrani kwa gombera na wazazi, na maneno kama “katika tasnifu yangu”. Kompyuta nayo huhifadhi jina la mwandishi ndani ya faili. Lifute humo pia.

Kuna majina mengine yanayotupa wasiwasi zaidi, nayo ni ya watu uliowahoji. Frateri anaandika “mjane mmoja wa jumuiya fulani, mwenye watoto wanne, mume alifariki mwaka juzi”, akidhani amemficha. Kigango kizima kinamjua! Mama yule alizungumza na frateri kwa imani, huenda hakuelewa kwamba maneno yake yatachapishwa. Rudi kwake, mweleze, umwombe ridhaa, na uache maelezo yote yasiyohitajika na hoja yako. Nanyi waamini mnaohojiwa, mna haki ya kuuliza maneno yenu yanakwenda wapi, na haki ya kukataa. Neno lililosikika katika maungamo haliingii kabisa katika mjadala huu.

Watawa wakumbuke pia kanuni ya 832 ya Sheria za Kanisa: kuchapisha maandishi yanayohusu dini au maadili kunahitaji ruhusa ya mkuu wao, kadiri ya katiba ya shirika. Kwa frateri wa jimbo, tunashauri amwoneshe mlezi wake mswada mapema.

Tuma kwa jarida moja tu kwa wakati mmoja. Na jihadhari na barua pepe zinazokusifu na kuahidi kuchapisha ndani ya siku chache ukilipa ada. Jeffrey Beall, mkutubi wa Marekani, alitunza orodha ya wachapishaji wa namna hiyo hadi mwaka 2017. Ada peke yake si dalili ya ulaghai, kwani majarida mengine ya kweli hutoza. Dalili ni kukubaliwa bila mtu yeyote kuisoma kazi yako.

Jarida la kweli hukawia, pengine miezi kadhaa. Likirudisha mswada na kurasa mbili za masahihisho, usidhani umekataliwa. Mara nyingi maana yake wanaitaka makala. Jibu kila hoja kwa namba yake, ukionesha ulichobadilisha. Pale usipokubaliana na mhakiki, sema hivyo kwa adabu na utoe sababu.