Fahamu: Kwa nini Arusha, na si Dodoma, huitwa Geneva ya Afrika?

Dodoma ilichaguliwa kuwa makao makuu ya Tanzania mwaka 1973, na sheria ya 2018 ikaithibitisha. Balozi zimetengewa viwanja huko, eneo la Mtumba, lakini nyingi zingali Dar es Salaam. Sifa ya Geneva ilitua Arusha: Bill Clinton aliiita hivyo Agosti 2000, Mandela aliposimamia utiaji saini wa mkataba wa amani ya Burundi. Arusha ina ukumbi wa mikutano ya kimataifa wa AICC, makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Dodoma ina Ukumbi wa Jakaya Kikwete, ambako chama tawala, CCM, kilifanya mkutano mkuu Januari 2025. Lakini wageni wa kimataifa wanaofika Dodoma ni wachache. Cha kutazama ni uwanja wa ndege wa Msalato, Dodoma, wenye njia ya kurukia ya kilomita 3.6. Maana mjumbe anayetoka Geneva hapendi kubadilisha ndege Dar.