Sauti Mzingo Katika Tarakilishi ya Nyumbani: Vifaa, Mpangilio na Suala la Istilahi

Utangulizi

Katika utambaji wa ngano, fanani huwa kitovu nayo hadhira ikamzunguka. Sauti hutoka katikati ikaelekea pembeni. Teknolojia ya sauti mzingo huupindua mpangilio huo: msikilizaji ndiye huketi katikati, na sauti zikamjia kutoka mbele, kando na nyuma. Makala haya yananuia kueleza jinsi ya kuiweka teknolojia hiyo katika tarakilishi ya nyumbani. Aidha, yanaonyesha kwamba shughuli hii, inayodhaniwa kuwa ya mafundi pekee, inamhusu pia mwanafunzi wa Kiswahili.

Msingi wa Sauti Mzingo

Binadamu hutambua upande itokako sauti kwa kulinganisha yanayosikika katika masikio yake mawili. Sauti ya kulia hulifikia sikio la kulia mapema kidogo, tena kwa nguvu zaidi. Mhandisi Mwingereza, Alan Blumlein, aliutegemea ukweli huu alipoomba hataza ya sauti ya njia mbili mwaka wa 1931. Mnamo 1940, filamu ya Walt Disney iitwayo Fantasia ilionyeshwa nchini Marekani kwa mfumo wa Fantasound, ambao ulitawanya sauti katika spika za ukumbi. Mfumo uliozoeleka majumbani ni wa 5.1. Tarakimu ya tano inaashiria njia za mbele kushoto, mbele katikati, mbele kulia, nyuma kushoto na nyuma kulia. Ile moja ni njia ya sauti nzito, ambayo hupelekwa kwenye spika ya besi, maarufu mitaani kwa jina la wufa.

Uunganishaji

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hivyo basi, kazi huanzia nyuma ya tarakilishi. Matundu ya sauti hutofautishwa kwa rangi. Tundu la kijani ni la spika za mbele, jeusi la spika za nyuma, na la rangi ya machungwa ni la spika ya katikati pamoja na wufa. Kila tundu hubeba njia mbili, ndiyo maana matundu matatu hutosha kwa njia sita. Tundu la waridi ni la maikrofoni, na la samawati hupokea sauti kutoka kifaa kingine. Hata hivyo, baadhi ya tarakilishi zina matundu matatu tu, na programu ya kadi ya sauti ndiyo huyabadilishia kazi. Tarakilishi nyingi za mkononi zina tundu moja la njia mbili. Hizi huhitaji kadi ya sauti ya nje ya USB, au kebo ya HDMI inayounganishwa na kikuza sauti cha njia nyingi.

Mpangilio wa Chumba

Spika ya katikati huwekwa mbele ya msikilizaji moja kwa moja. Zile za kushoto na kulia hukaa nyuzi 30 kutoka mstari huo wa katikati, nazo za nyuma nyuzi kati ya 100 na 120. Wufa haina masharti makali kwa kuwa ni vigumu kwa sikio kutambua zitokako sauti nzito sana. Umbali nao una uzito wake. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Kwa hivyo, spika iliyo mita moja mbali zaidi huchelewa kwa karibu sehemu tatu za elfu moja za sekunde.

Baada ya hapo, mtumiaji hufungua mipangilio ya sauti ya tarakilishi, akachagua 5.1, kisha akaijaribu kila spika kwa zamu. Ikiwa spika ya kushoto italia kulia, plagi au nyaya zimebadilishana nafasi.

Suala la Istilahi

Hapa ndipo lugha inapoingia. Neno "kipaza sauti" hutumiwa na baadhi ya wazungumzaji kwa maana ya maikrofoni, na wengine kwa maana ya spika. Mtu akiambiwa achomeke kipaza sauti katika tundu la waridi, anaweza kuchomeka spika na kuambulia kimya. Neno moja limebeba vifaa viwili vyenye kazi zinazokinzana: kimoja hupokea sauti, kingine huitoa. Mwandishi wa maelezo ya kiufundi hana budi kuchagua neno moja kwa kila kifaa na kulishikilia hadi mwisho.

Hitimisho

Ni muhimu kutambua kwamba wingi wa spika hauzalishi njia za sauti zisizokuwepo. Zipo seti zenye spika tano ambazo hupokea njia mbili tu na kuzirudufu. Hali kadhalika, ngano iliyonaswa kwa maikrofoni moja hubaki na njia moja hata ikichezwa kwa spika sita. Mtafiti wa fasihi simulizi mwenye fedha kidogo atanufaika zaidi kwa kununua maikrofoni nzuri ya kunasia kuliko spika nyingi za kusikilizia. Sauti ambayo haikunaswa nyanjani haiwezi kurejeshwa sebuleni.